Kocha mpya, mechi sita, ushindi mara mbili: nimwambie mwanangu ahame?

“Natokea Tanga, ninaishi Minnesota. Mwanangu yuko mwaka wa pili chuoni na anacheza futiboli ya Kimarekani, safu ya mbele ya mashambulizi. Mwaka jana, chini ya kocha wa zamani, timu ilishinda mechi 8 na yeye alicheza karibu zote. Kocha yule akachukuliwa na chuo kikubwa, akaondoka na wachezaji kadhaa. Huyu mpya kaja na wachezaji wapya zaidi ya 40. Mpaka sasa mechi sita: kashinda mbili, kapoteza nne. Moja tulipigwa 52 kwa 10 ugenini kwenye chuo kikubwa, mbili tumepoteza kwa pointi tatu tatu. Mwanangu kaingia uwanjani mechi tatu tu. Mashabiki wanataka kocha afukuzwe, mjomba wake anasema kijana ahame msimu ukiisha. Mimi mchezo wenyewe nimeujulia ukubwani. Nitajuaje kama kocha huyu anafaa, au tunapoteza muda?”

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na naona umefunga maswali mawili kwenye pindo moja la kanga. Moja ni la kocha: anafaa au hafai? Lingine ni la mwanao: abaki au aondoke? Mashabiki wanaweza kuyachanganya kwa sababu wao wakikosea watakuwa wamepoteza Jumamosi zao tu. Ninyi mkikosea, inayoguswa ni ada ya chuo na shahada ya kijana. Nitayafungua moja moja, nikianza na la kocha.

Kwa miaka kumi na moja kazi yangu imekuwa kwenye vyumba vya video vya timu za vyuo hapa Marekani. Nakata picha za mechi, nahesabu, asubuhi nawapelekea makocha majibu. Nimekuwa chini ya makocha wakuu watano, na watatu kati yao niliwakuta katika msimu wao wa kwanza. Kwa hiyo hali unayoieleza naijua kwa karibu, pamoja na makelele yake.

Tuanze na hizo mechi sita. Wewe wa Tanga unajua kuwa kwenye Ligi Kuu ya Bara timu inacheza mechi 30. Huku timu ya chuo inacheza 12 kwa msimu mzima wa kawaida. Kwa hiyo mechi sita ni nusu ya msimu, lakini kwa kumpima mtu ni kama kiganja kimoja cha mchele kutoka kwenye gunia. Utaona kama una mawe, ila gunia zima hujalijua bado.

Halafu kuna mpira wenyewe. Una ncha mbili, na ukidondoka unaruka popote unapotaka. Mchezaji akiudondosha, timu zote mbili zinaurukia, na ukikusanya mechi nyingi utakuta kila upande unaupata karibu nusu kwa nusu. Kocha anaweza kufundisha watu wasiudondoshe. Anaweza pia kuwafundisha kuupiga utoke mkononi mwa adui. Lakini baada ya hapo, nani ataulalia ni bahati kwa kiasi kikubwa. Timu ikidondosha mipira minne na yote minne ikaokotwa na wapinzani, itapoteza mechi ambayo kwa wiki nyingine ingeshinda. Zile mbili mlizopoteza kwa pointi tatu ni umbali wa teke moja tu, maana teke la kupitisha mpira kati ya nguzo lina pointi tatu. Kama mateke hayo mawili yangekwenda upande wenu, leo mngekuwa na ushindi mara nne na vipigo viwili, na mjomba angekuwa anasifia.

Ile ya 52 kwa 10 iweke kando kabisa. Vyuo vikubwa huwalipa vyuo vidogo waende kucheza kwao, mara nyingine zaidi ya dola milioni moja kwa mechi moja, na fedha hiyo inaendesha michezo mingine yote ya chuo kidogo mwaka mzima. Aliyepanga ratiba hiyo alifanya hivyo miaka kadhaa kabla huyu kocha hajafika. Kuna kitu kimoja tu ningekitazama kwenye mechi ya namna ile: robo ya nne, wakiwa nyuma kwa pointi arobaini, je, vijana walikuwa bado wanakimbia hadi mwisho wa kila mchezo, yaani kila mara mpira unapoanzishwa mpaka usimame? Kama uliwaona wanakimbia, hilo liandike kwa faida ya kocha.

Jambo linalowapotosha watu wengi zaidi ni urithi. Kocha wa mwaka wa kwanza anakula alichopanda mwenzake, kiwe kitamu au kichungu. Mwaka 2001 Larry Coker alichukua timu ya Chuo Kikuu cha Miami na katika msimu wake wa kwanza akashinda mechi zote 12 na ubingwa wa taifa. Kikosi kile kilikuwa kimejengwa na Butch Davis, na wachezaji wake 17 baadaye walichaguliwa raundi ya kwanza kwenda NFL, ligi kuu ya kulipwa. Kikosi kilipozeeka matokeo yakashuka, na mwaka 2006 Coker akafungashiwa virago. Charlie Weis alianza vizuri Notre Dame mwaka 2005, na kabla msimu huo wa kwanza haujafika mwisho chuo kikampa mkataba mpya wa miaka kumi. Miaka miwili baadaye alimaliza na ushindi 3 na vipigo 9. Mwaka 2009 akaondolewa, na chuo kikaendelea kumlipa kwa miaka mingi akiwa hayupo.

Sasa geuza upande wa pili. Nick Saban, ambaye wengi wanamwona kuwa kocha bora kuliko wote katika historia ya mchezo huu wa vyuo, alimaliza msimu wake wa kwanza Alabama, mwaka 2007, kwa ushindi 7 na vipigo 6. Alipoteza mechi nne mfululizo, moja ikiwa nyumbani dhidi ya Louisiana-Monroe, 21 kwa 14, chuo ambacho mashabiki wa Alabama walidhani watakipiga wakiwa wamelala. Msimu uliofuata alishinda mechi zote 12 za kawaida. Wa tatu, ubingwa wa taifa. Kirby Smart naye, mwaka wake wa kwanza Georgia, 2016, alipoteza nyumbani kwa Vanderbilt kwa pointi moja. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye fainali ya taifa.

Usije ukadhani nakwambia kila anayeanza vibaya ni Saban aliyejificha. Hapana. Scott Frost alifika Nebraska mwaka 2018 akitoka kushinda mechi zote 13 na chuo cha UCF. Akapoteza sita za kwanza, na watu wakasema tumpe muda. Mwaka 2021 alimaliza na ushindi 3 na vipigo 9, na cha ajabu ni kwamba ukijumlisha pointi za msimu mzima timu yake ilifunga nyingi kuliko ilizofungwa. Vipigo vyote tisa vilikuwa vya pointi tisa au chini ya hapo. Kwa hesabu za bahati, mambo yalipaswa kujirekebisha. Hayakujirekebisha. Aliondolewa Septemba 2022 akiwa na jumla ya ushindi 16 na vipigo 31. Ukipoteza kwa pointi tatu mara mbili, hiyo inaweza kuwa bahati mbaya. Ukipoteza hivyo kwa miaka minne, kuna kitu ndani kimeoza: mpira wa teke haufundishwi vizuri, saa inatumiwa ovyo, au vijana wanaogopa dakika za mwisho. Mwanao na wenzake wako kwenye mara mbili.

Kuna imani nyingine unayoweza kuisikia kwa watu wazima wa mchezo huu: mpe kocha miaka minne mpaka aingize watu wake. Ilikuwa kweli zamani. Kuanzia 2021 mchezaji aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, na tangu 2024 anaweza kuhama tena na tena mradi masomo yake yako sawa. Yaani vyuo navyo sasa vina dirisha la usajili. Curt Cignetti alichukua Indiana iliyokuwa imeshinda mechi 3 na kupoteza 9 mwaka 2023, akaja na wachezaji zaidi ya kumi kutoka chuo chake cha zamani, na mwaka 2024 akashinda 11 na kuingia kwenye mchujo wa ubingwa. Deion Sanders alipofika Colorado, mwaka 2023, alibadilisha karibu kikosi kizima. Akashinda tatu za kwanza, nchi nzima ikapagawa, kisha akamaliza na ushindi 4 na vipigo 8. Mwaka wa pili alishinda 9. Kwa hiyo kocha aliyeleta watu zaidi ya 40 hawezi kuomba miaka minne ya subira. Lakini watu zaidi ya 40 ambao Januari walikuwa hawajuani majina, kuwategemea wacheze kama timu moja kufikia Septemba ni mtihani mkubwa, hasa kwenye safu ya mbele anakocheza mwanao. Pale watano wanatakiwa wasogee kwa pumzi moja.

Basi utazame nini? Chukua daftari uende nalo uwanjani.

Unajua timu inapewa majaribio manne kusogeza mpira yadi 10. Sisi wa vyumba vya video tunapima kila mchezo, tangu mpira uanzishwe mpaka usimame, kama umefaulu au haukufaulu, bila kujali pointi. Jaribio la kwanza limefaulu likipata nusu ya yadi zinazohitajika, yaani tano kati ya kumi. La pili, asilimia 70 ya zilizobaki. La tatu na la nne lazima zipatikane zote. Weka alama ya vema au ya kosa. Mwisho wa mechi hesabu vema ni ngapi kati ya mia. Timu ya kawaida huwa kati ya 40 na 45. Kipimo hiki kinatulia haraka kuliko matokeo, kwa sababu mechi moja ina michezo sitini na zaidi kwa kila upande wakati ushindi ni mmoja tu. Mkiwa mnapoteza lakini alama zenu zinapanda mechi hadi mechi, dhidi ya wapinzani wanaolingana nanyi, kocha anafanya kazi. Mkiwa mnashinda huku zinashuka, anza kuwa na wasiwasi.

Ukurasa wa pili andika makosa ambayo hayahitaji kipaji kuyaepuka. Mchezaji wa safu kusogea kabla mpira haujaanzishwa. Watu 12 uwanjani badala ya 11. Kupoteza mapumziko ya kusimamisha saa, yanayohitajika dakika za mwisho, kwa sababu hawakujua nani aingie. Kwa timu ya watu wapya, makosa haya mechi ya kwanza ni halali yao. Kama mechi ya sita ni mengi kama ya kwanza, au yameongezeka, hapo mimi ningeungana na mashabiki kuuliza maswali, kwa sababu hayo ndiyo anayoyafundisha Jumanne na Jumatano.

Nikupe picha moja. Tulikuwa na kocha wa msimu wa kwanza, tumepoteza mechi ya tano, Jumapili asubuhi tumezima taa chumbani. Jaribio la tatu, yadi mbili zimebaki. Nilirudisha mchezo ule mara nane. Mechi ya kwanza, kwa mchezo huohuo, kijana wa kushoto mwisho wa safu alikuwa akisimama wima kwanza ndipo asukume, kiuno kiko juu, na adui anamrudisha nyuma kama anafungua mlango. Sasa magoti yamekunjwa. Mguu wa kwanza unakwenda pembeni, hatua fupi kama urefu wa kiganja, na bega lake limegusana na la mwenzake kabla hawajamfikia mtu. Wakapata yadi nne. Hakuna shabiki aliyeuona mchezo ule, kwa sababu dakika mbili baadaye tulidondosha mpira na mechi ikaisha. Sisi chumbani tulikaa kimya tukiangalia ule mguu. Msimu uliofuata watano wale ndio waliobeba timu.

Kuhusu kufukuza kocha sasa hivi, naelewa hasira za watu, ila ushahidi hauko upande wao. Mwaka 2013 watafiti wa sayansi ya siasa walichapisha kazi waliyolinganisha timu za vyuo zilizobadilisha kocha na zinazofanana nazo ambazo hazikubadilisha. Kwa timu mbovu sana, kubadilisha hakukuleta tofauti kubwa. Kwa timu za wastani, zilizobadilisha zilifanya vibaya zaidi miaka iliyofuata kuliko zilizotulia. Na gharama ya kuvunja mkataba inaweza kuwa ya kutisha: chuo cha Texas A&M kilipomwondoa kocha Jimbo Fisher mwaka 2023 kilikuwa na deni kwake la zaidi ya dola milioni 75. Kocha wenu akalie kuti kavu au asikalie, hilo ninyi hamliamui, kwa hiyo tuliache.

Tuje kwa kijana.

Umesema mwaka jana alicheza karibu mechi zote na mwaka huu mechi tatu tu, na nasikia kwenye sauti yako kwamba kocha hampendi. Huenda ni hivyo. Lakini kuna kanuni ambayo wazazi wengi hawajaelezwa. Mchezaji ana miaka mitano ya kucheza misimu minne, na tangu 2018 akicheza mechi zisizozidi nne katika msimu, msimu ule unaweza usihesabiwe. Kwa kuwa mwaka jana alicheza nyingi, ule umeshahesabiwa. Mwaka huu akiishia mechi nne atabaki na misimu mitatu mbele yake. Makocha wengi wapya hufanya hivyo makusudi kwa vijana wanaowaamini: wanawaongezea mwili, wanawafundisha mfumo, wanawapa mechi mbili tatu za kuonja, kisha wanawahifadhi. Wengine huwasahau vijana benchi bila mpango wowote. Huwezi kutofautisha hayo mawili ukiwa jukwaani. Mwanao anaweza, kwa kumuuliza kocha wake wa safu, uso kwa uso: “Mna mpango gani na mechi yangu ya nne?” Jibu lenye mpango litataja uzito anaotakiwa kufika, nafasi anayoandaliwa, na nani anaondoka mwakani. Jibu la “endelea kujituma” peke yake ni dalili mbaya.

Muulize pia, mkiwa wawili bila mjomba, wiki hii kafundishwa nini ambacho wiki iliyopita alikuwa hakijui. Akikueleza kwa mikono na kusimama jikoni kukuonyesha hatua, anafundishwa. Akikwambia “tunakimbia tu”, andika hilo.

Kuhama kunaweza kuwa uamuzi sahihi, sitaki kukuficha. Kama mfumo mpya hauna nafasi ya mtu wa umbo lake, kama nafasi yake imejazwa na wawili walio mwaka mmoja naye, au kama kocha amemwambia wazi kwamba hamhitaji, basi aondoke akiwa bado na misimu. Lakini mjomba aelewe bei yake. Kijana akishaandikisha jina kwenye orodha ya wanaohama, chuo chake kinaruhusiwa kusitisha ufadhili muhula ukiisha, na wapo wengi wanaoandikisha wasipate pa kwenda. Lingine ni masomo. Mchezaji wa daraja la kwanza anapoingia mwaka wa tatu anatakiwa awe amekamilisha asilimia 40 ya mahitaji ya shahada yake. Akihamia chuo kisichoyatambua baadhi ya masomo aliyosoma, anaweza kushuka chini ya hapo na akashindwa kucheza kabisa. Nimeona kijana mwenye mguu mzuri kuliko wote kwenye kikosi akikaa nje msimu mzima kwa sababu ya masomo mawili.

Kwa hilo barua yangu haitoshi. Kabla ya neno “nahama” halijamtoka mdomoni, nendeni wote wawili kwenye ofisi ya chuo inayosimamia kanuni za wachezaji, mwombe kuonyeshwa kwa maandishi: ametumia misimu mingapi, barua yake ya ufadhili inasema nini kuhusu kuhama, na dirisha linafunguliwa na kufungwa lini. Tarehe na kanuni hizi zimebadilishwa mara kadhaa ndani ya miaka michache, hivyo usitegemee alichosikia mtu kwenye simu. Kisha mwone mshauri wake wa masomo. Kama ni wa viza ya mwanafunzi, ongezeni ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, maana kuhama chuo kunagusa karatasi zake za kukaa nchini.

Na kuna jambo hukuuliza, ila ningekosa usingizi nisipolisema. Kocha mpya huja na mwalimu mpya wa mazoezi ya nguvu, na wiki za mwanzo mara nyingi hutumika kuonyesha nani mwanaume. Januari 2017 huko Oregon, chini ya kocha aliyekuwa ndiyo kwanza amefika, wachezaji watatu walilazwa hospitali baada ya mazoezi hayo. Mwaka 2018 Jordan McNair wa Maryland, kijana wa miaka 19 aliyecheza safu ya mbele kama mwanao, alifariki kwa joto la mwili lililopita kiasi baada ya mazoezi ya kukimbia. Mwanao akikupigia simu akasema misuli imevimba na kukaza isivyo kawaida, au mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi, asisubiri kesho na asimwombe kocha ruhusa: aende hospitali saa ileile. Akichanganyikiwa au kuzimia mazoezini kwenye joto, wenzake wamzamishe kwenye maji ya barafu na kupiga 911. Mwambie leo, na umwambie akuhakikishie kuwa amesikia.

Mkishaonana na watu wa ofisi ya kanuni, niandikie walichowaambia kuhusu mechi ya nne. Timu bado ina mechi sita, na yeye amebakiza moja tu kabla msimu huu haujahesabiwa.